Ombi la Mahindi Kuvuka Mpaka Kijeshi

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hapa Nangwa tumeshavuna. Mahindi tumeyaanika kwenye maturubai, na madalali wameanza kupita na lumbesa zao. Kabla hawajatumaliza, naomba mahindi yetu yasajiliwe kama jeshi.

Sababu ninazo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumukuvu. Malori yakakwama, watu wakabishana juu ya vyeti. Novemba 30 mwaka huohuo, Uganda ikashambulia kwa ndege na mizinga ndani ya Kongo kuwasaka waasi wa ADF, kisha askari wakavuka. Wakaiita Operesheni Shujaa. Sikusikia afisa yeyote akipima unyevu wa kifaru.

Miaka kumi kabla yake, Oktoba 2011, Kenya nayo ilikuwa imewafuata wapiganaji wa Al-Shabaab ndani ya Somalia kwa Operesheni Linda Nchi. Safari ile mpaka leo haina tarehe ya kurudi.

Utaratibu wenu nimeuelewa. Kongo ilijiunga na Jumuiya 2022, Waganda wakiwa tayari wamepiga kambi ndani. Somalia ikajiunga 2024, Wakenya wakiwa wenyeji wa siku nyingi. Kumbe jeshi ndilo mshenga, posa hupelekwa baadaye! Hata kikosi cha Jumuiya yenyewe kiliingia Kongo Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, huku Kongo na Rwanda, wanachama wenu wote wawili, wakirushiana lawama.

Wapo wengine wanaohama bila cheti: wakulima wenzangu wa Beni na Lubero, hukohuko mashariki mwa Kongo. ADF walipofurushwa kambini hawakwisha. Walisogea na mapanga yao hadi vijiji vingine. Mwenye shamba akakimbia, mavuno yakaozea shambani. Huyo hakuulizwa kama operesheni imefaulu.

Mheshimiwa, ikishindikana kuyapa mahindi hadhi ya kifaru, niko tayari kwa maelewano. Kifaru nacho kipange foleni mpakani, kijaze fomu, kikaguliwe mzigo, na kabla ya kugongewa muhuri kiandike kinarudi lini.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Nangwa,
Hanang, Manyara.