Kilobaiti Tatu

Sisi watengeneza tovuti tuna ugonjwa wetu: hatukai muda bila kutangaziana fremuweki mpya, na kila inayokuja inajisifu kuwa nyepesi kuliko zilizoitangulia. Mimi niliangukia kwa Preact. Jason Miller aliitengeneza iwe mbadala wa React ya Facebook, na ikishabanwa inakuwa kama kilobaiti 3 hivi. Tatu! Kadi ya mchango wa harusi unayotumiwa WhatsApp inaizidi mbali, na kadi hiyo inakudai hela juu yake.

Nikamweleza hayo mama mmoja wa Kariakoo, muuza vitenge, aliyetaka tovuti. Wateja wake wengi ni watu wa bando la siku, nikamwambia; ukurasa ukiwa mzito wanahama kabla haujafunguka. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Mwanangu, kwa hela yote hii unanipa kitu chepesi?"

Nikaenda nyumbani kuanza kazi. Preact yenyewe haitegemei maktaba nyingine, na kwa hilo nitaisifu mpaka kesho. Tatizo ni msafara wake: kifaa cha kuujenga mradi, kifaa cha kunusa makosa, kifaa cha kunyoosha msimbo, na kila kimoja kina ndugu zake, na ndugu nao wana wakwe. Wote wanashukia kwenye folda moja, node_modules. Nikaandika amri ya kusakinisha, laptopu ikinyonya intaneti ya simu, nikabandika chai. Maji hayajachemka, meseji ikaingia: ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya bando lako. Nikiwa natafuta sukari ikaja ya asilimia 100.

Na wakwe hao usiwadharau. Machi 2016 developa mmoja aliondoa kijipakiti chake, left-pad, kwenye npm, ghala wanakotoka ndugu na wakwe hao wote. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi duniani kote ikagoma kujengeka mpaka kiliporudishwa.

Basi, bando likanunuliwa, tovuti ikaisha, ikawa inafunguka fasta hata kwenye simu yenye kioo cha nyufa. Mama akaipenda. Ila akaomba "kitu kidogo tu": picha yake juu kabisa, amejifunga kitenge cha njano, kazi ya mpiga picha wa harusi. Megabaiti 9, yaani Preact 3,000 kwa mkupuo. Nikaipunguza hadi kilobaiti 90. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka pua ikajaa kioo chote.

"Mbona nimefifia? Rudisha ile ya mwanzo."

Nikairudisha. Akataka na video, ijicheze yenyewe, yenye muziki. Nikamwambia, mama, hapo sasa tovuti italemewa. Akafikiri kidogo.

"Na tukiitoa hiyo Preact yako, si nafasi itapatikana?"