Haibridi, Fyekeo na Herufi L

Aibu ya mcheza gofu ina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa mpira anaoukosa haukimbii, haukabwi na beki wala haudakwi na kipa. Umekaa kimya juu ya majani yaliyofyekwa kwa ajili yake, na watu wote waliopo wamenyamaza kwa heshima ili asipate kisingizio. Katika mpira wa miguu mshambuliaji akipaisha penalti hulaumu uwanja, mwamuzi au mganga wa timu pinzani, lakini mtu aliyepiga mpira wa gofu ukapotea, kwa fimbo aliyoichagua mwenyewe na kwa fedha alizozificha zisionekane nyumbani, hana wa kumlaumu isipokuwa ile fimbo, na ndiyo maana elimu yote ya kuchagua vifaa vya mchezo huu imejengwa juu ya tumaini kwamba kosa limo ndani ya chuma. Fimbo inayobeba tumaini hilo kwa wingi zaidi siku hizi ni haibridi, na mahali pazuri pa kulichunguza tumaini lenyewe ni Kilema, katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako hakuna uwanja wa gofu ila hakukosekani watu wenye msimamo mkali kuhusu mchezo huo.

Haibridi ni fimbo chotara, iliyozaliwa kati ya koo mbili ambazo zamani hazikuoana. Ukoo wa kwanza ni wa fimbo za mbao, zenye kichwa kikubwa cha mviringo na kazi ya kupeleka mpira mbali, ambazo leo hazina mbao ya kutosha hata kuwashia jiko, kwani vichwa vyake ni vya titani au chuma cha pua. Ukoo wa pili ni wa fimbo za chuma, zenye kichwa chembamba na bapa, ambazo hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo uso wa fimbo unavyosimama wima, mpira unavyoruka chini na mbali, na mpigaji wa kawaida anavyoteseka. Fimbo za chuma namba 2, 3 na 4 zimewatesa watu kiasi kwamba Mmarekani Lee Trevino, ambaye radi ilimpiga kweli uwanjani karibu na Chicago mwaka 1975, alifanya mzaha wake maarufu kwamba kinga ya radi ni kunyanyua fimbo ya chuma namba 1, kwa kuwa hiyo hata Mungu haiwezi.

Ujanja wa haibridi uko mahali uzito wake ulipowekwa, na jambo hili linastahili kuelezwa taratibu kwa sababu ni zuri kuliko wengi wa wanaolitumia. Kichwa cha fimbo ya chuma kina uzito wake karibu kabisa na uso unaogonga mpira, wakati kichwa cha haibridi kina mgongo mnene uliorudi nyuma, na uzito umeshushwa chini karibu na majani. Kwa hiyo fimbo inapofika kwenye mpira, ule uzito wa nyuma husaidia kuuelekeza uso juu kidogo, na mpira hupanda upesi hata kwa mtu ambaye mikono yake haina kasi. Mgongo huo hufanya kazi nyingine pia: mpira ukigongwa nje ya katikati ya uso, jambo ambalo kwa wengi ndilo la kawaida, kichwa hukataa kupinda mkononi, na kosa ambalo kwa fimbo ya chuma lingeuzika mpira hapo hapo huishia kuwa kosa la wastani, lenye adabu. Tumbo lake nalo ni la mviringo, hivyo huteleza juu ya majani marefu badala ya kuchimba. Si fimbo ya wazembe tu. Todd Hamilton alitwaa ubingwa wa Open mwaka 2004 kule Royal Troon akitumia haibridi kuusukuma mpira kuelekea grini, yaani eneo la majani yaliyonyolewa lenye shimo, na Y. E. Yang wa Korea Kusini alitumia fimbo ya aina hiyohiyo kwenye shimo la mwisho mwaka 2009 alipompokonya Tiger Woods ubingwa wa PGA.

Mnunuzi hushauriwa atazame nyuzi za pembe ya uso, asitazame namba, kwa sababu namba ni tamko la mtengenezaji na nyuzi ni ukweli. Haibridi namba 3 huwa na nyuzi 19 au 20, namba 4 nyuzi 22 au 23, na namba 5 nyuzi 25 hadi 27. Lakini fimbo za chuma za miaka ya karibuni zimesimamishwa wima zaidi huku zikibaki na namba zilezile, ili mzee anunue namba 7 mpya na kugundua kwa furaha kwamba anapiga mbali kuliko alipokuwa kijana. Kinachotakiwa ni kwamba kati ya fimbo moja na nyingine kuwe na pengo la umbali linalolingana, mita 10 hivi, jambo rahisi kwa mwenye fimbo zote 14 ambazo kanuni zinaruhusu mfukoni, na lisilo na maana yoyote kwa mwenye fimbo tano zilizotoka katika seti tano tofauti.

Hapo ndipo Kilema inapoingia. Makazi ya Kilema ni vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ambamo migomba, kahawa na maboga huishi pamoja na wenyewe, na hakuna kihamba ambamo miguu miwili ya mtu husimama usawa mmoja. Anayejifunzia gofu humo, chini ya migomba, akipiga mipira ya kuokota kuelekea bondeni, huzoea mpira ulio juu ya kiwango cha miguu yake, ambao kwa mtu wa mkono wa kulia huelekea kushoto, na mpira ulio chini ya miguu yake, ambao huelekea kulia. Mlima unapopanda mbele yake uso wa fimbo huinuka na mpira huruka juu lakini si mbali, na unapoteremka mpira hutoka kama jiwe la kombeo. Zaidi ya hayo, mikono yake ililelewa na fyekeo tangu shule ya msingi, na fyekeo hufundisha mzunguko unaotoka nje ya mwili, unakata kuelekea ndani, na kushuka kwa ukali kwenye majani. Wataalamu wa gofu huuita mzunguko huo ugonjwa, ingawa kwa kuzuia kihamba kisigeuke msitu ulikuwa dawa. Kwa mtu wa namna hiyo fimbo ya mbao haifai, kwani inataka kufagia mpira bila kugusa ardhi, ilhali haibridi inakubali kushushiwa mkwaju kutoka juu kama fimbo ya chuma. Kinadharia, basi, haibridi na Mkilema wameumbiwa kukutana.

Suala la umbali halina budi kuguswa, kwa kuwa limeleta ugomvi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi na haiuzuii mpira sana, hivyo mjini Moshi, kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, mkwaju huongezeka kwa takribani asilimia 3, na vihambani juu zaidi huongezeka zaidi. Mkilema akisimulia mkwaju wake mbele ya watu wa Dar es Salaam huchekwa nao, na katika kuchekwa huko anao mwenzake mashuhuri: mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipita Kilema kwa Mangi Masaki, mtawala wa hapo, akaandika kwamba mlima una theluji, na mwanajiografia wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akabisha kwa miaka mingi kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Tofauti ni kwamba Rebmann alikuwa anasema kweli.

Baada ya kichwa huja mpini, na mpini ndio chanzo cha msiba unaofaa kuchunguzwa kwa urefu. Mpini wa fimbo ya gofu hupinda wakati wa kuzungushwa, kisha hujinyoosha unapofika kwenye mpira, na ugumu wake huandikwa kwa herufi: L ni laini kabisa, iliyokusudiwa wanawake wenye mzunguko wa taratibu, A ni ya wazee, R ni ya kawaida, S ni ngumu, na X ni ngumu kupindukia. Herufi hizi hazina kipimo cha pamoja, kwa hiyo R ya kiwanda kimoja inaweza kuwa S ya kingine, na hakuna mamlaka duniani inayojali. Kwa bahati mbaya, mjini Moshi herufi hizohizo zina maana nyingine iliyotangulia, kwa kuwa fimbo za bei nafuu hufika pamoja na mitumba, na mahali pa mitumba L ni saizi.

Mnunuzi mmoja, mkazi wa Kilema, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili kwa mara moja, alikuta haibridi namba 4 imechomekwa kati ya mwavuli na magongo ya kutembelea, na muuzaji, ambaye fani yake hasa ilikuwa jinzi, aliisoma ile herufi kwa sauti, akamtazama mteja kuanzia begani hadi kiunoni kwa jicho la kitaalamu, akasema, "Mzee wangu, hii ni L, saizi yako kabisa." Mteja, ambaye kiunoni alikuwa amevuka L siku nyingi, alichukulia kauli hiyo kuwa ni heshima. Alipouliza kama inapiga mbali alijibiwa kwamba mwenye nayo wa kwanza alikuwa akipiga mpaka Holili. Bei ilianzia shilingi 70,000, ikashuka hadi 40,000 baada ya mteja kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili, na majaribio yalifanyika hapohapo kwa mzunguko mmoja wa hewani ambao uliangusha rundo la viatu vya watoto, tukio ambalo pande zote mbili zililitafsiri kama ushahidi wa nguvu ya fimbo.

Mpini laini ukikabidhiwa kwa mikono ya fyekeo, kichwa huchelewa nyuma, kisha huja kwa ghafla na kupita mikono, uso ukiwa umejifunga na kuangalia kushoto na juu. Na kwa kuwa haibridi nyingi tayari zimetengenezwa ziegemee kushoto kidogo ili kuwasaidia wanaopeleka mpira kulia, makosa mawili hujumlishwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mbele ya watu saba, kwenye uwanja wa mashimo 9, asubuhi ambayo mlima ulikuwa umejifunua wote kana kwamba nao umekuja kutazama. Mpira ulipanda kwa uzuri ambao ulimfanya mpigaji aanze kutabasamu, ukapinda kushoto, ukapinda tena, ukavuka miti na kutua juu ya bati la mtu kwa mlio uliosikika vizuri kwa sababu, kama ilivyoelezwa, wote walikuwa wamenyamaza. Kedi, yaani kijana anayembebea mchezaji mfuko na kumshauri, alikuwa amekwishatoa mpira mwingine mfukoni kabla hajaombwa. Kisha akaipokea fimbo, akaigeuza, akasoma maandishi ya kwenye mpini, na kusema kwa upole, "Shikamoo mzee, lakini hii ni ya mama."

Fimbo iliyofuata ilikuwa ya mkono wa kushoto. Ya baada yake ilikuwa bandia, jina la kiwanda likiwa limepungukiwa herufi moja. Ya nne ilichomoka kichwa, nacho kikaenda mbali kuliko mpira.

Hadi hapa mtu anaweza kucheka, lakini yapo yasiyochekesha. Miongozo ya kuchagua haibridi humwagiza mchezaji apimwe mzunguko wake kwa rada, kifaa ambacho kwa mtu wa vihambani ni sawa na kuagizwa apimwe mwezini, kisha anunue fimbo mpya ambayo kutoka kiwanda kikubwa huuzwa kwa mamia ya dola, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, na kabla ya VAT ya asilimia 18. Bei hiyo hupangwa Carlsbad, California, yaliko makao ya Callaway na TaylorMade. Bei ya kahawa ya arabika, ambayo imelipa karo za Kilema tangu misheni ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa hapo mwaka 1890, ilipoanza kuipanda, hupangwa kwa kufuata soko la New York. Mtu anayeuza kwa bei ya wengine na kununua kwa bei ya wengine, halafu akaambiwa tatizo lake ni mzunguko wa mabega, ana haki ya kununa.

Na kedi je? Yule kijana alihitaji mkwaju mmoja tu na jicho lake kutambua kile ambacho rada ingekisema kwa tarakimu, kwa sababu ametazama mizunguko ya watu tangu utotoni, akiwa amebeba mfuko wa kilo zaidi ya kumi. Wacheza gofu wengi wa kulipwa nchini walianzia kwenye kazi hiyo. Hata hivyo ujuzi wake haumo katika mwongozo wowote, hauna bei, na hulipwa kama sehemu ya kubeba mzigo. Hilo ni dhuluma ndogo, tena ya kila wikendi.

Kwa mwenye fedha ya haibridi moja tu, hukumu ni hii: anunue namba 4 au 5, yenye nyuzi kati ya 22 na 27, mpini wa grafiti ulioandikwa R, au S kama alikua na fyekeo; iwe iliyotumika, hata ya miaka kumi iliyopita, kwani uzito uliowekwa nyuma haujahama tangu hapo; ahakikishe kichwa hakitikisiki, kishikio hakijawa kigumu, na uso unaangalia upande wa mkono wake. Na kabla ya kulipa, ampeleke kedi sokoni, kwa nauli na posho.