Laptopu Iliyorudi Zamani

Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, ila mambo ya kale mengine yako mezani kwako. Unawasha laptopu, skrini nyeusi inalalamika tarehe haijawekwa. Ukiipita, saa inang'ang'ania Januari 2012 na tovuti zinagoma, eti vyeti vyao vya usalama havijaanza kutumika. Unampelekea fundi. Hajashika hata bisibisi, keshasema: "Virusi hivyo, mzee. Tupige Windows upya." Picha zako zote za sherehe ya ngoma ya Bulabo zinakwenda na maji, na kesho asubuhi ni Januari 2012 tena. Kumbe kilichokufa ni kibetri cha volti 3, CR2032, kinachoshikilia saa mashine ikizimwa. Ila nani atakutoza hela ndefu kwa kibetri?