Ombi la kipima-huzuni

Kwenu Waheshimiwa wa Wizara ya Afya,

MINT: BUNDUKI YA KUPIMA HUZUNI, MASINGA

Twawasalimu kwa kiwiko, kama mlivyotufunza wakati wa korona.

Kwanza, ahsanteni. Machi 2021 kaunti yetu ilipofungiwa pamoja na Nairobi, Kajiado, Kiambu na Nakuru, mtu wa Masinga alikuwa huru kwenda Nairobi kwenye ugonjwa, ila kuvuka bwawa kumjulia hali shangazi aliye Mbeere, nje ya mipaka hiyo, ikawa haramu. Waliopoteza kazi mjini wakaturudia na godoro bila usingizi.

Hadi leo, mtu akienda kituo cha afya kusema kwamba usiku hapati hata lepe, jibu ni lile lile: "Punguza mawazo." Kisha tembe mbili za maumivu. Waheshimiwa, mawazo hupunguzwa kwa kijiko au kwa sufuria?

Ndiyo maana twaomba bunduki. Mnaikumbuka ile ya kupima joto: bawabu alikuelekezea kwenye paji la uso, ikasoma nyuzi 33, joto la maiti, naye akasema, "Pita, mzee." Tuundieni ya huzuni. Iwe nyeupe, ilie ti! Mama mboga aliyekula mtaji wake asome tisa nukta mbili. Mwalimu wa shule ya kibinafsi aliyegeuka muuza mayai, kumi na moja. Aliyeonja marungu ya kafyu, mtambo uzime wenyewe. Bawabu aandike daftarini jina, nambari ya simu na kiwango cha huzuni, na daftari hilo lisisomwe na yeyote, kama lile la korona.

Mengine ni madogo. Msituletee bango jingine la mtu anayetabasamu. Semina ya afya ya akili ya kila Oktoba ifanyike bila fulana. Hospitali ya akili ya Mathari isogezwe karibu na stendi yetu, maana nauli ni yetu.

Julai 2020 jopo la afya ya akili la Dkt. Frank Njenga liliwaambia mtangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Kufikia hapo mtoto wa miaka 13 alikuwa ameshauawa kwa risasi ya polisi wa kafyu, akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Mlidhani wazazi wa nchi hii walilala vipi? Na aliyeelemewa akajaribu kujiua alikuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mhalifu kinakiuka Katiba. Daktari hakuja, pingu zilikuwa tayari.

Mtuwie radhi, sauti imepanda. Tulikuwa kwenye bunduki. Ikishindikana, tuleteeni muuguzi mmoja wa afya ya akili, anayelipwa mshahara wake, na dawa zisizokwisha kabla ya tarehe 10.

Wenu watiifu,
Wakesha-macho wa Masinga