Namna ya Kuuvika Mlango wa Peugeot 404 Bila Kuusulubu

Kabla ya yote, kusanya nyundo yako na misumari yote iliyobaki ulipojenga banda la kuku, uvipeleke kwa jirani unayemwamini. Mwambie avifungie kabatini na asikurudishie hata ukimlilia. Hatua hii ikikushinda, usiendelee na zinazofuata. Paneli ya mlango iliyopigiliwa misumari imesulubiwa, na fundi atakayekuja kuishusha baada yako ataishusha vipande vipande huku akiwataja wazazi wako.

Haya nayasema kwa sababu naipenda Peugeot 404 na sitaki iteswe. Gari hili lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Katika mbio za East African Safari 404 ilishinda mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, akisaidiwa na msoma ramani Chris Rothwell. Walishinda kwenye tope na vumbi la aina tunayoijua vizuri hapa kwetu wilayani Ngara. Gari la heshima hiyo likikutwa nyuma ya nyumba limekaa juu ya matofali, kuku wakitagia kiti cha nyuma, anayestahili kuona aibu ni mwenye nyumba. Gari halina kosa.

Sedani za mwisho za 404 zilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1975. Kwa hiyo ukiingia duka la vipuri Ngara mjini au Kahama ukaulizia paneli za milango yake, utaoneshwa za Corolla na kuambiwa kwamba "zitaingiliana". Hazitaingiliana. Muuzaji mpe mkono, mwulizie habari za watoto, kisha utoke. Wapo watu Ulaya wanaotengeneza paneli mpya kwa ajili ya wapenzi wa magari ya zamani, lakini kwa kazi hii hadibodi, gundi na mikono yenye subira vinatosha, na vyote vinapatikana bila pasipoti.

Anza na mlango mmoja tu. Nasisitiza, mmoja. Mwenye pupa hufungua milango yote minne siku ya kwanza, na jioni anabaki na mkebe wa skrubu zisizojua kwao. Ukiacha mlango wa upande wa pili umefungwa, utakuwa na kielelezo cha kutazama kila kumbukumbu inapokukimbia.

Pandisha kioo mpaka juu. Utazame mkono wa kupandishia kioo umeelekea wapi, uweke alama kwa chaki, kisha uung'oe. Magari ya zamani hufunga mkono huo kwa njia tofauti: skrubu ya katikati, pini ya pembeni, au klipu ndogo yenye umbo la herufi U iliyojificha nyuma. Kwa hiyo ya tatu, pitisha kitambaa kati ya mkono na paneli, ukivute huku na huku kama mtu anayesugua kiatu, na klipu itaruka yenyewe. Itaruka mbali. Kabla hujaanza tandika shuka chini, na watoto wakae upande wa pili wa uwanja, maana wao ndio watakaoiona wa kwanza na kuifanya pete.

Toa skrubu za sehemu ya kuegeshea kiwiko na za kitasa. Zilizobaki ni klipu zinazoshikilia paneli pembeni, na hapo ndipo watu wazima hupoteza adabu. Wanaingiza vidole, wanaweka mguu kwenye kizingiti cha gari, wanavuta. Hadibodi ya zaidi ya miaka hamsini haivutwi. Tafuta kitu kipana na chembamba, bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa au mwiko wa mbao uliochongwa, ukiingize karibu kabisa na klipu yenyewe, uibanue taratibu. Maliza moja, nenda kwa nyingine. Paneli hata ikiwa imeoza, itoe nzima, kwa sababu ndiyo itakayokupa vipimo.

Sasa mlango uko wazi, na hapa tukae kidogo. Wengi hudhani paneli ni pambo, ndiyo maana huifunga mpya juu ya mlango mgonjwa. Mlango wa gari umeundwa kupokea maji. Mvua inapopiga kioo, sehemu yake huteremka kupitia upenyo wa kioo, huingia tumboni mwa mlango na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa. Huku kwetu, kati ya Juni na Agosti, vumbi jekundu la barabara za changarawe huingia humo likatulia. Mvua za Septemba zikianza, vumbi hugeuka udongo na kuziba matundu. Maji yanabaki ndani, bati linaoza kuanzia chini, na hadibodi inayanywa mpaka inavimba na kuachia klipu. Mwenye gari akiona hivyo hulaumu paneli na kwenda kutafuta nyundo.

Kwa hiyo zibua matundu yote kwa waya. Toa udongo. Kisha funga kioo, chukua jagi la maji, umimine juu ya kioo kwa nje na utazame chini. Maji yasipotoka, hujazibua. Usiniambie yalitoka kidogo. Yakishatoka kama inavyopaswa, acha mlango ukauke, sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, paka redoksaidi, na uipe siku yake ya kukauka hata kama shemeji ana harusi na gari linasubiriwa. Mitambo ya kupandishia kioo nayo iko mbele ya macho yako: isafishe, ipake grisi, pandisha na kushusha kioo mara nyingi mpaka mkono uchoke. Kelele ukiisikia leo, tiba ni grisi ya kijiko kimoja. Ukiisikia baada ya kufunga paneli, itabidi kila kitu kishuke upya.

Halafu kuna nailoni. Kati ya bati na paneli kiwandani huwekwa karatasi ya kuzuia maji, na karibu kila fundi wa haraka huitupa akidhani ni mfuko uliosahauliwa. Irudishe. Nailoni nzito ya dukani inafaa. Ibandike kwa gundi kuzunguka mlango, na ukingo wake wa chini uuingize ndani ya mlango, ili tone lolote linaloteremka juu yake liangukie tumboni mwa mlango na kuelekea kwenye matundu. Ukingo huo ukiuacha nje, maji yataelekezwa moja kwa moja kwenye paneli mpya.

Paneli yenyewe haina maajabu. Laza ya zamani juu ya hadibodi ya milimita 3, fuatisha kwa penseli, toboa matundu yote palepale yalipokuwa. Asikudanganye mtu uweke plaiwudi ya milimita 6 eti ni imara zaidi: klipu zilipimwa kwa ubao mwembamba, hazitafika. Mlango wa kushoto ni mlango wa kulia uliogeuzwa, kwa hiyo kielelezo kigeuze kabla ya kukata cha pili, na uandike kwa herufi kubwa upi ni upi. Paka vanishi pande zote mbili, na kwenye kingo paka mara mbili, kwa kuwa hadibodi hunywea maji kingoni. Vanishi ikikauka ndipo ubandike sponji nyembamba na leza, ukianzia katikati kuelekea pembeni ili upepo utoke. Kwenye kona zilizopinda kata vipande vidogo kwa nyuma ili leza ilale bila kukunjana. Na usitoboe tundu la spika. Nakuomba. Kama lazima muziki uwepo, spika ikae nyuma, mlango uachwe na sura yake.

Kufikia hapo watakuwa wamejaa watu, hasa ikiwa ni siku ya gulio. Kila mmoja aliwahi kuwa na mjomba aliyeendesha gari la misheni, na kila mmoja ana njia yake. Usiwafukuze, hapa kwetu Rulenge hatufukuzani. Wape kazi. Mzee ashike mkebe wa skrubu, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kumpokonya. Mwenye sauti kubwa akalishike jagi. Yule anayesema "piga tu, itaingia" mtume dukani akalete soda, na dukani kuwe mbali.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila kwa upole zaidi. Hakikisha kila klipu imetazamana na tundu lake, kwa kuitafuta kwa vidole, kisha bonyeza kwa kiganja ukianzia kona moja. Inayokataa ina sababu: imepinda, au tundu limepotoka milimita mbili. Iangalie, inyooshe. Klipu iliyovunjika badilisha. Ya gari jingine yenye ukubwa uleule hufaa, na hiyo ndiyo zawadi pekee nitakayoipokea kutoka kwenye Corolla. Rudisha mkono wa kioo kwenye alama yako ya chaki, keti kwenye kiti, funga mlango na uone kama goti lako linapita. Mwisho kabisa, ishushe paneli tena na uirudishe. Ndiyo, yote. Kazi ya paneli imekamilika pale tu inapoweza kutoka na kurudi bila kuvunja kitu, maana huo mlango utafunguliwa tena, na pengine atakayeufungua ni mjukuu wako.

Ikiwa unayo 404 hapa Rulenge, Kabanga au Murugwanza, usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu tu milango imechakaa. Injini inaweza kusubiri fedha zipatikane. Bati lililokaa na maji halisubiri. Anza na mlango wa dereva mwezi Agosti, kabla mvua hazijafika.