Shukrani ya Lumbesa

Hapa Lukozi ukisikia mtu anakuambia "shukuru Mungu", shika kwanza mfuko wako. Ama ameshakupunja, au ndio anajiandaa. Mgonjwa akipona haambiwi ashukuru, hushukuru mwenyewe. Mzazi ambaye mtoto wake kafaulu naye haambiwi. Anayehimizwa kushukuru ni yule ambaye hesabu yake imekataa, na anayemhimiza ndiye anayejua imekataa kwa nini.

Nimelianzisha hili kwa sababu ya binti yangu. Yuko Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na jioni anasikiliza wahamasishaji kwenye simu, wale wa suti za kubana na maikrofoni ya shavuni. Huko ameelezwa kwamba mtu akiandika kila wiki mambo matatu anayoyashukuru, maisha yake hunyooka. Akamkumbuka baba yake mlalamishi. Akanunua daftari, akalipa nauli ya kifurushi kwenye basi, nami nikashuka barabarani kulipokea. Lina jalada gumu, limechorwa mnazi, mchanga na bahari. Bahari! Mtu yuko juu Usambara, ukungu umeshuka mpaka choo cha uani hakionekani, analetewa mnazi.

Lakini mtoto ni mtoto. Jumapili jioni nikakaa jikoni karibu na moto, nikaandika: "Moja. Nashukuru huku juu mbu ni wachache." Ni kweli, baridi hii inatutesa sisi lakini inawatesa na wao. La pili likakawia. Mama watoto akiwa anamenya viazi akasema andika kwamba una mke. Nikaandika. Akaja kuchungulia, akauliza mbona yeye amekuja baada ya mbu.

La tatu sikulipata usiku ule.

Msinielewe vibaya, mambo mazuri yapo. Udongo huu unaota kila kitu: viazi, kabichi, karoti, maharage, mapichi. Mgeni akipanda kutoka Mombo, akapita Soni na Lushoto, akakatiza msitu wa Magamba, anafika hapa anapiga picha za matuta ya kabichi na kusema tumebarikiwa. Mimi ninayeyapalilia matuta hayo naona mgongo wangu. Na mwezi wa saba, mgeni akishaondoka na picha zake, tunabaki na baridi. Jaketi ninalovaa nililinunua mtumbani, lina nembo ya klabu fulani ya Ulaya ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Wao walilivaa kwa starehe, mimi nalivaa kukamulia ng'ombe.

Haya yote nayavumilia. Kisichovumilika ni siku ya gulio.

Kwa ambaye hajawahi kuuza viazi, acha nieleze. Mnunuzi anakuja na magunia yake mwenyewe, na vijana wake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Wewe unadhani limejaa. Vijana wawili wanalinyanyua na kulibwaga chini, viazi vinashuka, panapatikana nafasi, panajazwa tena. Linabwagwa tena. Halafu juu ya mdomo viazi vinapangwa kimoja kimoja kwa mkono, kwa utulivu wa fundi anayepanga matofali, mpaka inatokea nundu. Mmoja anaishikilia, mwingine anatoa shazia na kamba, anashonea kipande cha gunia kuukuu juu ya ile nundu. Hicho ndicho kilemba, na gunia la namna hiyo ndilo lumbesa. Gunia linasimama refu kuliko mtoto wa darasa la pili, na wewe unalipwa bei ya gunia moja.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Aliyesema hivyo hakuwahi kufika Lukozi, ambako kibaba kikishajaa huvikwa kilemba.

Dalali wangu nilimfundisha mwenyewe, kabla sijastaafu ualimu. Kugawanya kulimshinda kabisa, nikawa nampa zoezi la ziada. Leo ndiye anayenigawanya. Ila heshima anayo, siwezi kumnyima haki yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hilo gunia lina kilo ngapi?"

"Mwalimu, gunia ni gunia."

"Sheria inasema lisizidi kilo 100."

"Sheria iko mjini, mwalimu. Hapa kuna Fuso, na dereva anataka kuumaliza mlima kabla ya mvua." Akaniwekea mkono begani, kwa upole, jinsi tunavyowashika wafiwa. "Shukuru Mungu umepata mteja. Wenzako wa kabichi wanalishia ng'ombe."

Sheria ninayoitaja si ya kwangu. Ni Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na ina wakala wake wa kuisimamia, Wakala wa Vipimo. Lumbesa imepigwa marufuku na viongozi mbalimbali miaka nenda rudi, kwenye redio na kwenye mikutano ya hadhara. Kila ikipigwa marufuku, kilemba kinapungua wiki moja, halafu kinaota upya. Sababu inajulikana. Ushuru unahesabiwa kwa gunia, nauli ya lori kwa gunia, mbebaji analipwa kwa gunia. Kwa hiyo mwenye akili anahakikisha magunia ni machache na kila moja ni kubwa. Anayelipia ukubwa huo ni aliyelima.

Utasema kataa kuuza. Ningekuelewa kama kiazi kingekuwa dhahabu. Nikikataa, namlipa mbebaji arudishe mzigo mlimani, na kikikaa juani kinageuka kijani, na wiki ijayo dalali ni yuleyule, ila mimi nina viazi vibovu na jina la ukorofi.

Wala si sisi tulioanza kuambiwa tushukuru. Mwaka 1946 Mwingereza alianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao kwa jembe la mkono. Walitakiwa waone ni wema. Wao waliona kazi isiyo na malipo na hofu ya kunyang'anywa ardhi, wakagoma, na uhuru ulipofika mpango ulikuwa umeshakufa. Kuhifadhi udongo hakukuwa jambo baya. Wazee walichokikataa ni kupangiwa furaha.

Narudi kwenye daftari, maana Jumapili hairudi nyuma na binti yangu anataka picha ya kila ukurasa.

Siku ile baada ya kuvikwa kilemba, nilikwenda kwa mama anayeuza chai pembeni ya gulio. Nimechelewa, nimenuna, mikono imekufa ganzi. Nilikuta chapati mbili zimefunikwa kwa sahani, juu ya birika ili zisipoe. Wateja wengine walikuwa wanaambiwa chapati zimekwisha. Sikuwa nimeagiza. Alikuwa amenisikia nikibishana kule kwenye magunia, akajua nitakuja na njaa. Alinimiminia chai ya rangi yenye tangawizi kali mpaka machozi yakanitoka, hakusema neno la faraja, hakuniambia nishukuru chochote. Nilipomaliza nikamwambia, "Ahsante sana, mama. Mungu akubariki." Akanitazama.

"Mwalimu, unaumwa?"

Jambo la tatu likapatikana. Nikaandika chapati mbili, birika, na tangawizi. Nikaongeza na la nne bila kuombwa: vijana wanaoosha karoti kijitoni alfajiri. Huwa nawapita wakiwa wamezama magotini kwenye maji ambayo mimi nisingetia hata kidole, wanasugua, vidole vimenyauka na kuwa vyeupe, na wanaimba. Wewe wa mjini unayependa karoti inayong'aa, hao ndio waliong'arisha, na ujira wao ukiusikia hutaimba.

Binti yangu akapokea picha, akapiga simu.

"Baba, mbu na mama nimewaona. Chapati nimeziona. Lakini kurasa zote zinazofuata ni lumbesa."

"Ndiyo."

"Hili ni daftari la shukrani, baba."

Nikamuuliza huko kwao viazi ananunuaje. Akasema kwa kilo, sokoni kuna mizani kila meza. Nikamwambia basi ndiyo hivyo. Kiazi kinatoka Lukozi hakina uzito, kinapata uzito kikifika Dar es Salaam, na uzito huo una pesa, na pesa hizo zina mwenyewe ambaye si mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza mhamasishaji wake. Namsubiri huyo bwana kwa hamu.

Kwa hiyo msinitumie daftari jingine. Mwenye wema wa kunitendea nitamshukuru bila kukumbushwa, hata kama ni chapati. Na nyinyi mnaosimamia vipimo, siwadai hotuba, nimezisikia zote. Naomba mzani mmoja wa kusimama chini pale guliani, na mtu wa kuusoma ambaye si dalali. Viazi vyangu vinavunwa mwezi ujao. Njooni mapema, Fuso haisubiri.