Jinsi ya Kuugua kwa Utaratibu Nchini Marekani

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye hajafika miaka 65, anayeishi katika nchi inayotumia fedha nyingi kwa afya kuliko nyingine yoyote duniani, naye anataka kuumwa bila kuuza nyumba. Hatua zifuatwe kwa mpangilio, kwa maana anayeruka moja huilipia.

Anza na kazi. Pata ajira kabla hujapata ugonjwa, tena kwa mwajiri mkubwa. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ilizuia mishahara isipande, na waajiri wakaanza kuwavuta wafanyakazi kwa kuwaahidi bima ya matibabu. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikauimarisha utaratibu huo, na mpaka leo bima ya Wamarekani wengi imefungwa kwenye ajira zao. Kwa hiyo jiepushe na ugonjwa wa kukulaza miezi mingi: ukishindwa kazi, bima inaondoka siku zile zile unapoihitaji kuliko wakati wowote.

Kama huna mwajiri wa namna hiyo, nenda sokoni ukajinunulie mwenyewe. Huko bima zimepewa majina ya madini: shaba, fedha, dhahabu, platinamu. Ile ya shaba hulipa kwa wastani asilimia 60 tu ya gharama za matibabu. Mwaka 2025 mtu mmoja aliweza kutakiwa kutoa mfukoni hadi dola 9,200 kabla bima haijabeba gharama zote, na hapo ada ya kila mwezi haijahesabiwa. Tena hiyo ni kwa hospitali zenye mkataba na kampuni yako ya bima. Ukianguka barabarani, uwe na fahamu za kutosha kuuliza gari la wagonjwa ni la nani, kwa sababu sheria iliyoanza kazi mwaka 2022 kuwakinga wagonjwa na bili za ghafla iliyaacha nje magari hayo.

Sasa hatua ngumu: usiwe maskini kupita kiasi, hasa ukiwa Texas. Sheria ya Obama ya mwaka 2010 ilikusudia maskini wabebwe na Medicaid, bima ya serikali, na wanaowazidi kipato wapewe ruzuku ya kununua bima sokoni. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kuipanua Medicaid. Texas ikakataa, na hadi 2025 ilikuwa bado inakataa. Hivyo raia wa Houston asiye na mtoto wala ulemavu, anayepata dola 12,000 kwa mwaka, hapokelewi Medicaid. Ruzuku nayo hapewi, kwa kuwa hajafikia mstari wa umaskini, yaani dola 15,000 na ushei. Jirani yake anayepata 20,000 anasaidiwa. Yeye mnyonge zaidi anaambiwa akaongeze kipato kwanza. Mji huo huo una Texas Medical Center, mkusanyiko mkubwa kuliko yote duniani wa hospitali na taasisi za tiba. Ni ukatili, na wanaoushikilia wanajua wanachofanya.

Ukiwa na kisukari cha kuhitaji insulini, fanya kama mnunuzi hodari: bei ikipanda, ondoka dukani. Chupa ya insulini aina ya Humalog iliyouzwa dola 21 mwaka 1996 ilifika dola 275 miongo miwili baadaye. Waliogundua insulini Toronto waliiuza hataza yao kwa dola moja moja, kwa sababu walitaka dawa hiyo imfikie kila mgonjwa. Lakini mgonjwa huyo aondoke aende wapi? Bila dawa anaweza kufa baada ya siku chache. Mchumi Kenneth Arrow alieleza tangu 1963 kwa nini tiba haifuati kanuni za soko la kawaida: hujui utaugua lini, hujui unahitaji nini, na anayejua ndiye anayekuuzia. Watunga sera wana zaidi ya miaka 60 ya kumsoma, na bado wanamwambia mtu mwenye maumivu ya kifua alinganishe bei.

Hatua ya mwisho: fikisha miaka 65. Hapo utaipata Medicare, bima ya umma aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson mwaka 1965, isiyokuuliza kama una mwajiri wala kukutoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa ulionao. Wanasiasa wanaohubiri soko huria huapa hadharani kwamba hawataigusa, kwa sababu wazee wa Marekani wanaipenda na wanapiga kura. Anayekuja nchini kwako kuisifu bima ya soko na aulizwe kwanza kwa nini wazee wa kwao hawaitaki.